Spika za kusimama chini: usihesabu wufa, angalia boksi limejengwaje

Jozi yangu ya kwanza ya spika ndefu za kusimama niliichagua kwa kuhesabu wufa, yaani zile spika za besi zilizo ndani ya boksi. Zilikuwa tatu kwa kila spika, zimepangana mbele kutoka juu mpaka karibu na sakafu, na pale dukani zilikuwa zinapigwa kwenye ukumbi mpana wenye dari ya juu, besi inakuja imekaza, ngoma ikipigwa unasikia mpaka ngozi yake inavyovutika, nikasema basi, ni hizi hizi. Nikazipeleka nyumbani kwenye sebule ya mita 4 kwa 5, nikazisimamisha kwenye kona mbili maana ndo nafasi iliyokuwepo, na usiku uleule nikajua kuna kitu hakijakaa sawa. Kila mpiga gitaa la besi akishuka kwenye noti za chini kabisa nyumba nzima inavuma, vioo vya kabati vinalia, halafu akipanda noti tatu nne hivi ile besi inapotea kama vile mtu kaacha kupiga. Mziki wowote nilioweka ukawa na besi ya noti moja.

Nikalaumu amplifaya, nikabadilisha waya, nikahamisha kabati, hali ileile. Kilichonifungua macho ni hesabu ya darasani kabisa. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, na kuta mbili zinazotazamana zikiwa mita 4 zinakamata wimbi lenye urefu mara mbili ya hapo, yaani mita 8, ukigawanya unapata kama Hz 43, yaani mitikisiko 43 kwa sekunde. Sasa uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi la nyuzi nne, ule wa E, unapiga Hz 41. Yaani chumba changu kilikuwa kinamsubiri mpiga besi palepale anapopenda kukaa, halafu spika zenyewe zina tundu kwa nyuma ambalo limepimwa kuongeza nguvu kwenye Hz 40 na kitu hukohuko, halafu mimi nimezibana kwenye kona ambayo nayo inaongeza besi. Vitu vitatu vinasukuma upande mmoja. Spika hazikuwa mbovu hata kidogo, zilikuwa za aina isiyofaa kwa pale nilipoziweka.

Tangu siku hizo nimeishi na aina nne tofauti ndani ya nyumba, na nyingine nimezisikiliza kwa marafiki muda wa kutosha, sio dakika tano za dukani, na ninachoweza kumwambia mtu kwa moyo wote ni kwamba kwenye spika za kusimama kinachoamua utafurahi au utajuta ni boksi linafanya nini na hewa iliyomo ndani yake. Idadi ya wufa inakuja baadaye, rangi ya koni, ile sehemu ya wufa inayotikisika, inakuja baadaye zaidi.

Kwanza hili la kusimama lenyewe, maana kuna watu wanaona urefu ni mapambo. Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, inatakiwa ikae usawa wa sikio la mtu aliyekaa kwenye kochi, ambapo ni kama sentimita 90 hadi mita 1 kutoka chini, sasa ukichukua spika ndogo ukaipandisha kwenye stendi mpaka urefu huo, ile nafasi yote ya chini imekaa bure, ila spika ya kusimama inaigeuza kuwa boksi. Sakafuni zinakula eneo karibu sawasawa. Lita za hewa ndani zinakuwa nyingi na besi inaweza kushuka bila kubebeshwa mzigo mkubwa. Faida ni hiyo tu, na sio ndogo.

Haya, tuanze na zile zenye tundu, maana ukienda kuangalia spika za kusimama leo nyingi utakazokutana nazo ni za namna hii. Wazo lenyewe ni la zamani, Albert Thuras wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1932. Wufa ikirudi nyuma inasukuma hewa ndani ya boksi, ile hewa badala ya kupotea inatolewa kupitia bomba lililopimwa urefu na upana, kwa hiyo kwenye masafa fulani ya chini bomba ndo linaimba na wufa yenyewe inakuwa karibu haichezi. Ukitaka kuona, weka toni ya masafa hayo halafu tazama koni, imetulia kabisa, ila weka kiganja mbele ya tundu utasikia upepo. Miaka ya nyuma watengenezaji walikuwa wanabahatisha vipimo vya boksi na bomba mpaka Neville Thiele akaja na hesabu zake mwaka 1961 kule Australia, na Richard Small akaziendeleza miaka ya 70, mpaka leo mtu akinunua wufa tupu ya kujengea spika anapewa karatasi yenye vipimo vinavyoitwa kwa majina ya hao wawili.

Uzuri wa tundu ni kwamba unapata besi nyingi kutoka boksi la wastani na amplifaya haiteseki. Ubaya wake ni kwamba chini ya masafa ya lile bomba sauti inaporomoka kwa kasi, desibeli 24 kila oktavu (yaani kila masafa yakipungua kwa nusu), na huko chini wufa inakosa hewa ya kuishikilia, inatikisika tu hovyo. Wenye santuri wanalijua hili, sahani ikiwa imepinda kidogo unaona koni inaenda mbele na nyuma polepole kama inapumua wakati mziki wenyewe hata haujaanza. Na tundu likiwa nyuma, spika inataka nafasi, isikaribie ukuta kabisa. Mimi zile za wufa tatu niliziokoa kwa soksi. Kweli, jozi ya soksi nene za sufu nikazikunja nikazibana ndani ya tundu, moja kila spika, mvumo ukapungua palepale na zile noti zilizokuwa zinapotea angalau zikaanza kuonekana kwa sababu hazifunikwi tena. Watengenezaji wengine siku hizi wanakupa vizibo vya sponji ndani ya katoni kwa kazi hiyohiyo, ukivikuta usivitupe pamoja na makaratasi. Kama chumba chako kinakulazimisha kubana spika ukutani, tafuta ambazo tundu liko mbele au chini, ingawa mbele nako hakufuti kosa la kona, kunapunguza tu.

Baada ya hapo nikahamia zilizofungwa. Boksi halina tundu lolote, hewa ya ndani imefungiwa na inafanya kazi ya springi ya kurudisha koni mahali pake. Aliyeonyesha dunia kwamba hili linaweza kutoa besi ya kweli kutoka boksi dogo ni Edgar Villchur, spika yake ya AR-1 ilitoka mwaka 1954 na ilikaa kwenye rafu, haikuwa ya kusimama, lakini kanuni ni ileile ukiinyoosha mpaka chini. Nilipata jozi kuukuu ya njia tatu, yaani besi, sauti za katikati na za juu kila moja ina spika yake, ambayo mwenyewe alikuwa anaitoa kwa sababu "zinakwaruza". Nikafungua kitambaa cha mbele, ile sponji ya kuzunguka koni ilikuwa imeoza, ukiigusa inakuganda kwenye vidole kama gundi ya kahawia halafu inadondoka vipande. Kuibandua ilichukua mchana mzima kwa pamba na spiriti, taratibu, maana ukikwangua kwa nguvu unachana karatasi ya koni, halafu unapaka gundi, unaweka ukingo mpya, unaisukuma koni kwa vidole vinne usikilize kama koili inasugua kwenye sumaku, ikisugua unasogeza kabla gundi haijashika. Nilipoziwasha tena nilikaa mpaka usiku wa manane. Besi ya boksi lililofungwa haiji na mbwembwe, ngoma inapigwa na inaisha, haina mkia. Inashuka polepole, desibeli 12 kila oktavu, na kwa bahati chumba kidogo chenyewe kinainua masafa ya chini, kwa hiyo hivi viwili vinakutana vizuri na unajikuta una besi ya chini zaidi ya ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Shida yake, zinataka amplifaya yenye nguvu, na sherehe ya watu wengi hazitakufurahisha. Ila kwa sebule ndogo ambayo spika lazima zikae karibu na ukuta mi ningeanza kutafuta hapa kabla ya kwingine kokote, na inaniuma kwamba za kusimama mpya zilizofungwa ni chache siku hizi. (Na ukinunua za zamani bonyeza ule ukingo kwanza kwa kidole. Wa raba unadumu, wa sponji unaoza.)

Hapo katikati kuna hili la njia mbili, mbili na nusu, tatu, linalochanganya watu sana kwa sababu kwa macho huwezi kujua. Spika mbili zote zina twita moja na wufa mbili zinazofanana, moja ni ya njia mbili ambapo wufa zote zinafanya kazi ileile, nyingine ni ya njia mbili na nusu ambapo wufa ya chini inaachia mapema na kubaki na besi peke yake wakati ya juu inaendelea mpaka inapomkabidhi twita. Hiyo ya pili mara nyingi sauti ya mtu inatoka safi zaidi, kwa sababu sauti inatoka kwenye koni moja badala ya mbili zilizo mbali mbali. Njia tatu ya kweli ina spika ya peke yake ya sauti za katikati, haiguswi na besi, na hapo ndo unasikia tofauti kwaya ikiimba huku ngoma nzito inapigwa, waimbaji hawatikisiki. Lakini krosova yake, ile saketi inayogawia kila spika sauti zake, ni ngumu kutengeneza, na njia tatu iliyofanywa kwa haraka ni mbaya kuliko njia mbili iliyofanywa kwa utulivu. Kuna na zile ambazo twita imekaa katikati kabisa ya koni, kampuni ya Tannoy wanafanya tangu mwaka 1947 na KEF wana yao tangu 1988, ukisimama, ukikaa, ukienda pembeni kidogo sauti inabaki ileile, kwa familia yenye watu wengi kwenye kochi hilo ni jambo kubwa.

Zile zenye mdomo kama tarumbeta, wengine wanaziita honi, nimezisikia kwa mtu tu, sijawahi kuzimiliki. Jina linalotajwa kuliko yote ni Klipschorn ya Paul Klipsch, imeanza mwaka 1946 na haijaacha kutengenezwa mpaka leo, na yenyewe imejengwa ikae kwenye kona makusudi, kuta mbili za chumba zinamalizia mdomo wa honi. Yaani kona iliyoua jozi yangu ya kwanza hapa ni sehemu ya spika. Kampuni inaipa desibeli 105 kwa wati moja, ukilinganisha na spika ya kawaida ya desibeli 85 tofauti ni 20, na desibeli 20 ni mara mia ya umeme, kwa hiyo palipotakiwa wati 100 hii inatumia 1. Nilichokisikia ni uhai, kinanda kikigongwa unashtuka, hamna namna nyingine ya kusema. Ila zinataka kona mbili safi zisizo na mlango wala dirisha, ukuta kati yake uwe mpana, na ukizikaribia sana sauti inakupigia kelele usoni. Una chumba hicho? Zisikilize. Huna, pita tu.

Sasa hizi bapa. Hapa nikianza sinyamazi. Hazina boksi kabisa, ni kama mlango mwembamba umesimama sebuleni. Kuna za umeme tuli, Peter Walker wa Quad kule Uingereza alitoa yake mwaka 1957 na mpaka leo watu wanazikarabati, ndani kuna ngozi ya plastiki nyembamba kuliko unywele imechajiwa volti elfu kadhaa katikati ya vibao viwili vyenye matundu vinavyopitisha umeme, mziki unaivuta na kuisukuma yote kwa pamoja. Hizo lazima zichomekwe kwenye soketi. Na kuna za sumaku, Magnepan ya Jim Winey tangu 1969, ngozi ina nyaya nyembamba zilizolazwa juu yake mbele ya safu ya sumaku, hazihitaji soketi ila ni za oma 4 (oma ni kipimo cha ukinzani wa umeme) na zinakula amplifaya kwelikweli. Nilikaa na jozi ya bapa za sumaku kwa karibu mwaka mzima. Siku ya kwanza niliweka rekodi ya mama mmoja anaimba na gitaa tu, mtu niliyemsikiliza miaka na miaka, na nikasikia anavyofungua midomo kabla ya neno la kwanza. Ule mlio mdogo wa midomo kuachana. Ulikuwepo kwenye rekodi siku zote na spika za boksi zilikuwa zinaumeza. Boksi hata likiwa la mbao nene linatetemeka kidogo na kusema neno lake, ukiliondoa unashangaa ulikuwa unasikiliza nini.

Lakini zinatoa sauti nyuma sawasawa na mbele, kwa hiyo ukuta wa nyuma lazima uwe mbali, mita 1 ni mwanzo tu, na sauti ya mbele na ya nyuma zikikutana pembeni kwenye besi zinafutana, ndo maana besi ya bapa ni safi ila haisukumi kifua. Kwenye sebule yangu zilikuwa zinakaa katikati ya njia, kila jioni nazisogeza mbele, kila usiku nazirudisha, na mtoto akikimbia roho inanitoka maana zinaweza kuanguka. Niliziachia mtu mwenye chumba kirefu na nilimkabidhi kwa uchungu. Kama una nafasi nyuma ya spika na unasikiliza sauti za watu, gitaa, vinanda, zeze, hamna aina nyingine itakayokufikisha hapo. Kwa wapenda besi nzito kuna za mchanganyiko, bapa juu na wufa ya boksi chini kama wanavyofanya MartinLogan, wazo zuri, ila sikiliza kwa makini pale zinapopokezana, sauti nzito ya mwanaume ndo itakuonyesha kama mshono upo.

Za kujitegemea zenye amplifaya ndani nitasema machache. Kila wufa na kila twita ina amplifaya yake, krosova ni ya kielektroniki, na nyingi zina programu ya kupunguza mvumo wa chumba, kwa mwenye tatizo langu la mwanzo hiyo peke yake inaweza kumtosha. Boksi linaweza kuwa jembamba sana na bado besi ikashuka. Kinachonipa wasiwasi ni umri: spika isiyo na amplifaya ndani ukiitunza inaweza kufika miaka 30 na zaidi, ila hizi ndani yake kuna kompyuta.

Kuhusu nguvu, acheni kutazama wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Angalieni unyeti, yaani spika inatoa desibeli ngapi kwa wati moja, ukitoka desibeli 85 kwenda 88 umejipunguzia nusu ya umeme unaohitajika, na angalieni oma zisishuke chini ya kile amplifaya yako inachoruhusu. Na kwenye besi, karatasi ikisema inafika Hz 35 tafuta imeandikwa kwa kushuka desibeli ngapi, 3 au 6 au 10, kwa sababu kwa desibeli 10 hiyo besi ipo kwa jina tu. Mtafiti Mkanada Floyd Toole alitumia miaka mingi akiwakalisha watu wasikilize spika bila kuziona, na walichochagua wengi ni zile zenye mlio ulionyooka mbele na unaopungua kwa mpangilio ukienda pembeni. Kwa hiyo kama kuna vipimo vya aina hiyo vya spika unayoitaka visome kabla hujaenda kusikiliza.

Zilizobaki kwangu mpaka leo ni aina ambayo sikuitegemea, zile zenye njia ndefu ndani. Nyuma ya wufa kuna mfereji uliokunjwa kunjwa na kujazwa sufu, sauti ya nyuma inatembea humo, ya juu inamezwa na sufu na ile ya chini kabisa inatoka mwishoni imechelewa kiasi cha kuungana na ya mbele badala ya kuifuta. Mfereji unatakiwa uwe robo ya wimbi, sasa wimbi la Hz 40 ni mita 8 na nusu hivi, robo yake ni mita 2 na kidogo, na boksi lenye kimo cha mita 1 likikunjwa ndani mara moja au mbili linaufikisha. Ndo maana njia hii inafaa spika za kusimama kuliko ndogo. Arthur Bailey wa Uingereza aliiandikia mwaka 1965, na PMC wamejengea kampuni yao juu ya wazo hilo. Ni nzito, ndani zina mbao nyingi za kukata kwa hiyo hazifanywi na kila mtu, na kwa sauti kubwa sana za tundu zitazishinda. Lakini nikisikiliza usiku kwa sauti ya chini wakati wengine wamelala, besi haiondoki. Spika nyingine nyingi ukipunguza sauti naona besi ndo inakuwa ya kwanza kuondoka.

Kuziweka kulinichukua wiki tatu. Nilianza sentimita 40 kutoka ukutani, kila siku nasogeza sentimita 5, wimbo uleule wa gitaa la besi linalopanda noti moja moja, naandika zipi zinavuma zipi zinakufa. Kwenye 70 zikalingana. Nikageuza nyuso zao kidogo zikutane nyuma tu ya kichwa changu, nikahakikisha toka spika hadi spika na toka kila spika hadi kwenye kiti ni mita 2.4, nikafunga miguu ya chini yenye ncha kama misumari, na kuzunguka kila mguu nikabandika utepe wa karatasi wenye gundi sakafuni. Hizo alama bado zipo, zimechakaa kwa kufagiliwa, na mtu akisukuma spika kwa bahati mbaya ninajua pa kuirudisha.